KUUZA NYAMA YA NG'OMBE WAKO MWENYEWE
Hesabu ya mfugaji wa Bulongwa na mafunzo yake kwetu sisi wa visiwani

Mkulima wa karafuu mwenye busara haweki matumaini yake yote juu ya mikarafuu. Sote twajua kuwa mti huu huzaa sana mwaka mmoja, kisha hupumzika. Lakini ada za skuli, maradhi na harusi havina mwaka wa kupumzika. Ndiyo sababu wengi wetu hufuga ng'ombe wawili watatu mle mle shambani. Ng'ombe huyo ndiye akiba yetu ya miaka ambayo majamvi yanabaki yamekunjwa.

Akiba hiyo ina dosari moja. Siku ya kuitoa, mara nyingi hutolewa kwa hasara. Mchuuzi huja, humzunguka ng'ombe mara moja, humpapasa mgongoni, kisha hutaja bei. Hakuna mzani wala kipimo. Mwenye ng'ombe, kwa kuwa ana shida na mchuuzi anajua ana shida, hukubali. Wiki hiyo hiyo hununua kilo mbili za nyama bucha, na akipiga hesabu ya bei ya kilo huona kichwa kinamzunguka. Hapo ndipo husema, "Mara nyingine nitachinja na kuuza mwenyewe."

Shauri hilo ni jema, lakini si jepesi. Aliyeuza kwa mchuuzi amepata kidogo, walakini amepata fedha mkononi. Anayechinja bila hesabu aweza kupata pungufu ya hiyo, na pia akagombana na majirani. Katika toleo hili twataka kueleza hesabu yenyewe, hatua kwa hatua, ili mwanachama ajue lini inafaa kuuza nyama mwenyewe na kwa bei gani.

Kwa nini Bulongwa?

Mfano wetu tumeuchukua mbali na bahari. Bulongwa ni kata katika Wilaya ya Makete, Mkoa wa Njombe, huko Nyanda za Juu Kusini. Ni nchi ya Wakinga, watu wanaojulikana Tanzania nzima kwa bidii ya biashara. Wamisionari wa Berlin walifungua kituo chao hapo mwaka 1895, na mpaka leo pana hospitali ya Kanisa la Kilutheri. Watu wake hulima viazi, ngano na pareto, na hupanda miti ya mbao. Juu yao uko uwanda wa Kitulo, ambao sehemu yake imekuwa Hifadhi ya Taifa tangu 2005, na penye shamba la Serikali la ng'ombe wa maziwa. Katika Juni na Julai baridi hushuka hata umande ukaganda majanini.

Tumepachagua mahali hapo kwa sababu hali yake inafanana na yetu katika jambo moja kubwa: soko kuu liko mbali. Kutoka Bulongwa mpaka Makambako, penye njia panda ya barabara ya Songea na kituo cha reli ya TAZARA, ni mwendo mrefu wa milimani. Mchuuzi anayepeleka ng'ombe huko hulipa gari, vibali, ushuru na wasaidizi, na gharama zote hizo huzikata katika bei anayompa mfugaji. Mpemba anayemuuzia mchuuzi wa kupeleka Unguja anakatwa vivyo hivyo, ila yeye anakatwa nauli ya chombo badala ya gari.

Lakini papo hapo Bulongwa pana watu wanaotaka kitoweo: wauguzi wa hospitali, walimu, wenye maduka, wapasua mbao. Je, mfugaji hawezi kuwauzia hao bila ya nyama kwenda Makambako? Aweza, akijua mambo matatu: ng'ombe wake atatoa kilo ngapi za kuuza, amemgharimu kiasi gani, na nani atanunua kabla kisu hakijatolewa alani.

Karafuu mbichi na karafuu kavu

Jambo la kwanza ni uzito, na hili sisi twalielewa kuliko watu wengi. Hapana mkulima wa karafuu anayepima karafuu mbichi mtini akazidisha kwa bei ya karafuu kavu. Twajua kuwa kilo tatu mbichi, zikichambuliwa makonyo na kuanikwa vyema, hurudi kilo moja au karibu yake. Ng'ombe naye ana ubichi na ukavu wake.

Tuchukue dume la kienyeji, lenye nundu, la kilo 280. (Asiye na mzani mkubwa atumie utepe wa kupima kifua, nyuma tu ya miguu ya mbele, afisa mifugo atamwonyesha.) Ukitoa kichwa, ngozi, kwato, damu na vya tumboni, ng'ombe wa namna hii hubakisha kiasi cha nusu ya uzito wake, na akiwa amekonda hubakisha pungufu ya nusu. Basi tuna kilo 140. Nyama hiyo ikitundikwa usiku kucha hupoteza maji kiasi cha kilo mbili au tatu katika kila mia. Tuhesabu kilo tatu, zibaki 137. Katika kukata, vipande vidogo na unga wa mfupa hupotea, na mafuta mabaya hutupwa. Tutoe kilo mbili tena. Zimebaki kilo 135 za kuuza, pamoja na mifupa yake.

Kumbukeni tarakimu hizi: 280 zizini, 135 mezani. Anayetaka kuuza nyama tupu isiyo na mfupa atoe tena kiasi cha kilo 30, abaki na 105.

Ng'ombe amegharimu kiasi gani?

Bei tutakazotaja hapa ni za mfano tu, ili hesabu ionekane. Kila mmoja aweke bei za kwao.

Mfugaji wetu alikuwa na ndama wa thamani ya Shs. 250,000, akamlea miaka mitatu. Kila mwaka dawa, chanjo na kuogesha vilikuwa Shs. 25,000, chumvi 20,000, sehemu ya ujira wa mchungaji 100,000, na majani ya msimu mbaya 40,000. Jumla ya mwaka ni Shs. 185,000, na kwa miaka mitatu ni 555,000. Ukijumlisha thamani ya ndama unapata Shs. 805,000. Tena ng'ombe hufa. Akifa mmoja katika ishirini, kumi na tisa waliobaki lazima wamlipie mwenzao, tuongeze Shs. 40,000. Gharama ya kweli ni Shs. 845,000.

Wengi wakifika hapa husema, "Basi nimeanza na 845,000." Hapana. Mchuuzi amesimama mlangoni na Shs. 900,000 taslimu. Fedha hiyo mfugaji aweza kuipata leo bila ya kushika kisu. Kwa hivyo hesabu ianze na tarakimu iliyo kubwa kati ya hizo mbili, nayo ni 900,000. Na ingekuwa mchuuzi anatoa 700,000 tu, hesabu ingeanza na 845,000, na mfugaji angejiuliza kwanza kwa nini anafuga ng'ombe wa hasara.

Sasa gharama za siku ya kuchinja. Kumfikisha machinjioni Shs. 20,000, ada ya machinjio na ukaguzi 20,000, mchinjaji na mkataji 30,000, mifuko, sabuni na vitu vidogo 10,000, kupiga simu na kutuma watu 5,000, na siku mbili za mfugaji mwenyewe 30,000. Msione haya kujilipa. Mtu asiyeiweka kazi yake katika hesabu hudhani amepata faida, kumbe amejiajiri bure. Jumla ni Shs. 115,000, nasi tumefika Shs. 1,015,000.

Tuongeze Shs. 30,000 kwa nyama itakayobaki au deni litakalopotea, na Shs. 105,000 iwe faida. Hesabu yote inakuwa Shs. 1,150,000.

Katika hizo, si zote zitoke kwenye nyama. Kichwa, miguu, matumbo, moyo, maini na ngozi vina wanunuzi wao. Tuseme vitaleta Shs. 150,000. Zimebaki Shs. 1,000,000 za kutoka katika kilo 135. Gawanya: ni Shs. 7,407 kwa kilo. Mfugaji aweke bei ya Shs. 7,500. Ikiwa bucha ya hapo inauza Shs. 8,000, mnunuzi amepata nafuu na mfugaji amepata faida. Ikiwa bucha inauza 7,000, basi ng'ombe huyo afadhali achukuliwe na mchuuzi.

Kosa linalofilisi

Tumwangalie sasa jirani aliyesahau ukavu wa karafuu. Yeye alichukua Shs. 1,150,000 akagawanya kwa kilo 280 za zizini, akapata Shs. 4,100 na ushei. Akafurahi, akatangaza bei ya 4,100. Watu walijaa, nyama ikaisha kabla ya saa tatu asubuhi, sifa zikaenea kijiji kizima. Jioni akahesabu: kilo 135 kwa 4,100 ni Shs. 553,500, na vya ndani 150,000, jumla Shs. 703,500. Gharama za siku ile hazijatoka, na tayari amepungukiwa karibu Shs. 200,000 kwa ile bei aliyoikataa kwa mchuuzi. Nyama kuisha upesi si dalili ya faida. Pengine ni dalili ya kosa.

Steki na mchanganyiko

Mtu aweza kuuliza: kwa nini tusitoe steki na kuiuza ghali? Tujaribu. Tutoe kilo 30 za steki isiyo na mfupa tuziuze Shs. 9,500, ni Shs. 285,000. Zimebaki kilo 105 za mchanganyiko. Lakini mifupa haikuondoka pamoja na steki. Yote imebaki katika hizo 105. Mnunuzi anaona kipande chake kina mfupa zaidi, naye hataki kulipa 7,500. Tumpe kwa 7,000, ni Shs. 735,000. Jumla ni Shs. 1,020,000. Kwa bei moja tungalipata kilo 135 mara 7,500, yaani Shs. 1,012,500. Faida ya kuhangaika kote ni Shs. 7,500, bei ya kilo moja! Na mchanganyiko ukishuka mpaka 6,900, tumeingia hasarani.

Hatusemi steki isiuzwe. Mahali penye hoteli au wageni wa kutosha wanaolipa vizuri, iuzwe. Lakini kijijini, penye majirani wanaojuana, bei moja na kipande cha haki ni salama zaidi.

Uza kwanza, chinja baadaye

Hili ndilo jambo tunalotaka mwanachama alishike hata akisahau mengine yote. Ng'ombe aliye hai hukaa wiki nzima bila kuharibika. Aliyechinjwa, saa yake imeanza kwenda. Bulongwa katika baridi ya Julai nyama iliyotundikwa mahali safi hulala salama mpaka asubuhi. Sisi wa pwani hatuna baridi hiyo. Kwetu nyama isiyo na jokofu ichinjwe alfajiri na iwe imekwisha kabla ya adhuhuri. Atakayeitundika mpaka jioni anafuga nzi.

Kwa hivyo andika wanunuzi kwanza. Kilo 135 ni mafungu 27 ya kilo tano tano, na kila fungu ni Shs. 37,500. Pita nyumba kwa nyumba, msikitini, skuli, kituo cha afya. Mwenye kutaka nusu fungu aungane na jirani yake. Watu wetu hawahitaji kufundishwa jambo hili. Watu saba kushirikiana ng'ombe mmoja wa kuchinja katika Idi ni desturi tunayoijua. Pokea japo sehemu ya fedha mbele. Mpaka mafungu 18 yamepata wenyewe, yaani theluthi mbili, usimpeleke ng'ombe machinjioni. Yasipofika, ahirisha, hukupoteza kitu.

Angalia pia wakati. Bulongwa fedha huonekana mwisho wa mwezi mishahara ikilipwa, na wakati wa Krismasi na Pasaka. Kwetu ni Idi zote mbili, Maulidi, na siku za kuchuma karafuu, ambapo hata mchumaji ana fedha mfukoni. Kuchinja katikati ya mwezi mkavu ni kutafuta madeni.

Na tuseme wazi juu ya madeni. Katika mfano wetu mfugaji akiuza yote kwa Shs. 7,500 hupata Shs. 1,162,500. Akitoa gharama za siku ile 115,000, hubaki na 1,047,500. Yaani amemshinda mchuuzi kwa Shs. 147,500. Sasa kilo 20 zikichukuliwa kwa mkopo usiolipwa, zimepotea Shs. 150,000. Kilo ishirini tu zimekula faida yote na kudai zaidi! Kumnyima jirani mkopo kunaumiza, lakini kumdai mwaka mzima kunavunja ujirani. Mwenye shida ya kweli mpe kilo moja iwe sadaka, uiandike kuwa sadaka. Deni lisilo na siku ya kulipwa usiliandike kabisa.

Kugawa kwa haki

Kila fungu liwe na paja, mbavu, mkono na shingo kwa kadiri. Mafungu yote yapangwe mezani kwanza, ndipo watu waitwe. Na yatolewe kwa kura au kwa zamu, wala si kwa kuchagua. Mnunuzi aliyepewa mfupa mtupu mara moja hatarudi mara ya pili, na atawaambia wengine. Mfugaji anayeuza ng'ombe mmoja au wawili kwa mwaka hana tangazo lingine ila maneno ya watu.

Mzani uwe umekaguliwa na kupigwa muhuri na wenye mamlaka ya vipimo. Sisi wakulima wa karafuu tumelia vya kutosha juu ya mizani ya watu wengine. Chama cha Wakulima wa Karafuu kilipoanzishwa mwaka 1927, moja ya mambo yaliyowasumbua wakulima ni kuuza mazao juu ya mti, kwa mtu aliyekwisha kuwakopesha, kwa bei aliyoitaka yeye. Itakuwa aibu sisi tukimfanyia mnunuzi wa nyama yale tuliyoyachukia.

Sheria na afya

Nyama ya kuuza haichinjwi uani. Ng'ombe akaguliwe akiwa hai, na nyama ikaguliwe tena baada ya kuchinjwa, ipigwe muhuri. Tanzania Bara jambo hili liko chini ya Sheria ya Tasnia ya Nyama ya mwaka 2006, iliyounda Bodi ya Nyama. Hapa visiwani mambo ya mifugo yana sheria zetu wenyewe. Kwa hivyo mwanachama amwone kwanza afisa mifugo wa wilaya, aulize ni machinjio gani yanaruhusiwa na vibali gani vinatakiwa. Mchinjaji awe yule anayekubaliwa na wanunuzi wote, ili asiwepo wa kuingia mashaka juu ya uhalali wa kitoweo chake.

Ng'ombe aliyepigwa sindano asichinjwe mpaka siku za dawa zimekwisha. Soma kibandiko cha chupa. Baadhi ya dawa za kudumu mwilini huzuia nyama kwa karibu mwezi mzima. Tena usiyahesabu maini kabla mkaguzi hajayapasua. Kwenye malisho ya majimaji yenye konokono ng'ombe hupata minyoo ya maini, na ini lililoharibika hutupwa. Ng'ombe asikimbizwe wala kupigwa njiani. Apumzike, anywe maji, asipewe majani usiku wa mwisho. Aliyechoka na kutishika hutoa nyama nyeusi isiyokaa.

Mwisho

Ndugu Wanachama, hatusemi kuwa mchuuzi ni adui. Siku mgonjwa yuko kitandani na fedha inatakiwa leo, mchuuzi ndiye mwenye fedha leo, na bei yake ndogo ni malipo ya haraka yetu. Tunalosema ni kwamba mtu asiuze kwa haraka kila mara kwa sababu tu hakuwahi kukaa na kalamu. Anayejua kilo zake, gharama zake na majina ya wanunuzi wake, hata akiamua kumpa mchuuzi, atampa kwa bei iliyo bora, kwani mchuuzi ataona kuwa huyu ana njia nyingine.

Kabla ya kuchinja, basi, andika katika karatasi moja: uzito wa zizini, nusu yake, bei ya mchuuzi, gharama za siku, na mafungu yaliyokwisha kulipiwa. Karatasi ikikuambia chinja, chinja. Ikikuambia ngoja, mrudishe ng'ombe mikarafuuni akale majani. Na mali bila daftari huisha bila habari.